Kitabu Kinachoulizwa

Ukitoka Muthurwa kuelekea katikati ya jiji utampita kijana aliyetandaza gunia kando ya barabara na kupanga vitabu juu yake. Nairobi duka la namna hiyo tunaliita inama bukshopu, kwa sababu halina rafu wala mlango; ukitaka kusoma jina la kitabu, inama. Mwenye duka naye huinama kwa njia yake. Akisikia kanjo, yaani askari wa jiji, wanakuja hushika pembe nne za gunia, akalitupa mgongoni pamoja na fasihi yote ya dunia, akapotelea kati ya matatu.

Jumamosi moja niliinama hapo. Palikuwa na nakala tatu za Kigogo, hisabati ya darasa la saba, riwaya za mapenzi zisizo na jalada, na diwani ya mashairi ya Kiingereza yenye muhuri wa shule, ndani yake Blake, Wordsworth, Shelley na wenzao. Diwani hiyo ilikaa ubavuni mwa Kill Me Quick ya Meja Mwangi. Nikauliza bei.

"Hiyo ya mashairi mia, mzee. Meja ni mia tatu."

Nikamwambia mbona ile ya mashairi ni nene zaidi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chumvi ni rahisi kuliko nyama.

"Meja anaulizwa."

Nimeishi na jibu hilo tangu siku ile, maana limenisaidia katika swali ambalo wahakiki wamelizunguka kwa zaidi ya miaka mia mbili: je, fasihi hubadilisha jamii, au huifuata nyuma ikiokota inachoangusha? Kwa kawaida swali hili huanzia Ulaya, kati ya mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 na mwaka 1832, kipindi ambacho vitabu vyetu vya uhakiki hukiita ulimbwende. Ni jina la bahati mbaya, humfanya mwanafunzi adhani anasomea habari za wavaaji. Kumbe zilikuwa zama za viwanda vya pamba, za watoto waliopandishwa ndani ya dohani kuzisafisha, na za harakati za kukomesha biashara ya watumwa. Waandishi wake walijiona manabii. Shelley aliandika insha nzima mwaka 1821 akidai kwamba washairi ndio wanaoitungia dunia sheria ingawa dunia haiwatambui. Insha yenyewe ilichapishwa 1840, mwenyewe akiwa kaburini miaka 18.

Mimi dai hilo naliona lina kiburi. Ushahidi wa zama zile zile unaelekeza kidole kwingine, kwa mnunuzi. Thomas Paine alipotoa sehemu ya kwanza ya Rights of Man mwaka 1791 iliuzwa shilingi tatu, na serikali ya Uingereza ikaivumilia. Mwaka uliofuata ikatoka sehemu ya pili, kisha toleo la peni sita tu, na kufikia Desemba 1792 Paine alikuwa amehukumiwa kwa uchochezi bila hata kuwepo mahakamani. Mwendesha mashtaka hakuficha sababu: sehemu ya kwanza ilisomwa na watu wenye kupima mambo, lakini hii ya pili ilikuwa imesukumiwa kila mtu mkononi. Tarehe 16 Agosti 1819 askari wa farasi waliwavamia watu waliokusanyika katika uwanja wa St Peter's mjini Manchester wakidai haki ya kupiga kura. Kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha Sheria Sita, na mojawapo ilitoza ushuru wa stempu wa peni nne kwa majarida ya siasa yaliyouzwa chini ya peni sita. Hoja iliachwa ilivyo, ikapandishiwa bei.

Shelley mwenyewe aliandika shairi kali juu ya mauaji ya Manchester, akawataja mawaziri kwa majina yao. Rafiki yake mhariri aliogopa, akalifungia hadi 1832. Lakini Shelley alikuwa na shairi jingine refu, Queen Mab, alilolichapa 1813 nakala 250 za kuwapa watu wake. Mwaka 1821 mchapishaji mmoja wa London akaliiba. Likachapwa tena na tena bila idhini, kwa karatasi mbovu na bei ya chini, hadi wafanyakazi wa vuguvugu la Chartist wakaliita biblia yao. Shelley aliyefika viwandani ni yule aliyeibwa.

Wala haya hayakuwa mambo ya Wazungu peke yao. Muyaka bin Haji wa Mombasa alizaliwa karibu 1776 akafa 1840, rika moja na Wordsworth. Alitunga juu ya vita vya Mombasa na Lamu na juu ya ubishi wa Wamazrui na Seyyid Said, mpaka mji ulipochukuliwa 1837. Akatunga pia juu ya njaa, mapenzi na majirani, na wahakiki humsifu kwa kulitoa shairi msikitini akalifikisha sokoni. Kitabu hakuwa nacho. Waliomhifadhi ni watu waliomkariri, hadi Mwalimu Sikujua akayakusanya tungo hizo mwishoni mwa karne, na diwani ikachapishwa 1940. Kwa miaka mia moja Muyaka aliishi kwa kuulizwa.

Tuje nyumbani sasa.

Mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, yenyewe ni maandishi, na mwandishi wake wa kwanza ni serikali. Pumwani ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika waliotapakaa katika vijiji vya Nairobi wakae mahali pamoja wanapoonekana. Pangani ikabomolewa miaka ya 1930, na waliofukuzwa wakajengewa Shauri Moyo. Wenyeji husema jina hilo ni jibu la mtu aliyeambiwa hamia au uache. Kaloleni ilikuja miaka ya 1940, ina miti na nyasi katikati, kama mji wa bustani uliopotea njia. Kisha vita vya Mau Mau vikaleta mtindo mwingine wa kutaja. Tom Mbotela aliuawa 1952 na Ambrose Ofafa 1953, wote wakionekana kuwa dhidi ya wapiganaji, na mitaa mipya ikabatizwa majina yao. Aliyepanga Ofafa Jericho akawaandikia wazazi barua aliandika kwenye anwani, apende asipende, jina alilochaguliwa.

Katika mitaa hiyo hiyo watu walikuwa wakiandika na kusoma ya kwao. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na cha Wahindi akatoa hoja kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Alikuwa mtu wa matbaa, na ujanani alitunga mashairi ya Kipunjabi. Wiki tatu baadaye alikamatwa pamoja na Fred Kubai, mgomo mkuu ukalipuka jijini, naye akakaa kizuizini hadi 1961. Gazeti la Mumenyereri la Henry Muoria lilisomwa kwa sauti, nakala moja watu kumi. Vijitabu vya nyimbo za Kikuyu, nyingi zikichukua mahadhi ya tenzi za kanisani, vilipigwa marufuku 1952. Ujanja wa wimbo wa namna hiyo ni kwamba askari akipita nje husikia ibada. Mahadhi yaliibwa kwa wamisionari kama Queen Mab ilivyoibwa kwa Shelley, na katika visa vyote viwili aliyeiba ndiye aliyekuwa na haja.

Uhuru ulipokuja, Eastlands ikaingia riwayani, kwa Kiingereza. Charles Mangua alitangulia na Son of Woman mwaka 1971. Mhusika wake, Dodge Kiunyu, mtoto wa kahaba wa Eastleigh, anasimulia maisha yake bila haya, na kitabu kiliuzwa kama maandazi ya asubuhi. Akafuata Meja Mwangi na Kill Me Quick, 1973, juu ya vijana wawili waliomaliza shule, wakaja mjini na vyeti vyao, na wakaishia kula mapipani nyuma ya maduka. Going Down River Road ya 1976 inafuata watu wa mkono kwenye mjengo: Ben na Ocholla wanainua ghorofa ambalo hawataruhusiwa kuingia likimalizika, na jina la ghorofa hilo, Development House, ni kejeli inayojieleza. Thomas Akare, 1981, aliandika The Slums kutoka ndani ya Majengo, na mhusika wake mkuu analala ndani ya gari bovu. Lilikuwepo pia jarida la Joe: vibonzo na hadithi fupi ambazo Hilary Ng'weno na Terry Hirst walizianza 1973, zilizopita mkono kwa mkono katika mabasi ya asubuhi mpaka wino ukafutika.

Riwaya hizi zilibadilisha nini? Kazi hazikuleta, nyumba hazikuleta. Lakini kabla yake shujaa wa kitabu cha Kenya alikuwa mpiganaji wa msituni au mwalimu wa kijijini, na mji ulikuwa mahali pa kupotelea. Mangua, Mwangi na Akare waliufanya mji kuwa mahali pa kutokea. Kijana wa Makadara aliyekuwa na cheti mfukoni na njaa tumboni akaona kumbe hali yake ina jina, na kwamba si uzembe wake peke yake. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo viongozi walikuwa wakimwambia kila siku arudi shambani.

Kasoro yao ni ya lugha. Wordsworth aliandika katika dibaji ya 1800 kwamba ushairi utumie lugha wanayoisema watu kweli. Toleo la kwanza la Lyrical Ballads, 1798, lilikuwa la nakala 500 hivi, na wachunga kondoo waliotajwa humo hawakuwa wanunuzi. Kwenye mjengo wa Meja Mwangi watu wanatukanana kwa Kiingereza. Anayejua mjengo anajua kwamba zege haikorogwi kwa lugha hiyo. Sisemi mwandishi alikosea. Ndiyo lugha iliyolipiwa na wachapishaji, na ndiyo iliyovuka mpaka. Mwaka 1974, Tuzo ya Jomo Kenyatta ilipotolewa kwa mara ya kwanza, Kill Me Quick ilishinda upande wa Kiingereza, na upande wa Kiswahili akashinda Abdilatif Abdalla kwa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga gerezani alikofungwa na serikali ya Kenyatta huyo huyo kwa kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Tuzo moja, vitabu viwili, na wasomaji ambao ni nadra kukutana.

Kuna kasoro ya pili ambayo sisi wanaume hupenda kuiruka. Katika riwaya hizi mwanamke wa Eastlands karibu siku zote ni malaya, au mama aliyebaki kijijini. Sasa linganisha na historia. Luise White, katika The Comforts of Home, kitabu cha 1990 kilichotokana na mahojiano na akina mama wazee wa Pumwani, anaonyesha kwamba wanawake wa zamani waliouza chai, chakula, maji ya kuoga na kitanda katika chumba kimoja walikuwa wakiweka akiba. Kwa akiba hiyo wakajenga. Wengi walikuwa Waislamu, wakawa akina mama wenye nyumba, na vibarua wa kiume wakawa wapangaji wao wanaogonga mlango mwisho wa mwezi kuomba wasubiriwe wiki moja. Jamii ilikuwa imegeuka nusu karne kabla ya riwaya kugutuka. Hapo fasihi haikuongoza chochote. Ilichelewa, na ilichelewa kwa sababu wenye kalamu walikuwa wakitazama kutoka upande wa mpangaji.

Aliyetazama vingine ni Marjorie Oludhe Macgoye, mzaliwa wa Southampton aliyefika Kenya 1954 kama muuza vitabu wa misheni, akaolewa na kuwa Mkenya. Coming to Birth, 1986, inaanza na Paulina, bibi harusi wa miaka 16, anaposhuka kwenye treni Nairobi mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari. Anapoteza mimba. Akiruhusiwa kutoka hospitali anapotea njia katika mitaa ambayo mumewe huivuka kila siku bila kufikiri. Kurasa hizo naziweka juu ya kila kitu kilichoandikwa kuhusu Eastlands, kwa sababu zinajua kwamba mji si mmoja: kuna wa anayeujua na kuna wa anayeogopa kuuliza. Mwaka 1792, Paine alipokuwa akishitakiwa kwa haki za mwanamume, Mary Wollstonecraft alikuwa ameandika kuhusu haki za mwanamke, na washairi wakubwa wa ulimbwende wakaendelea kumwandika mwanamke kama ua, mzimu au mlima. Mapinduzi yana tabia ya kumsahau anayepika.

Na Kiswahili sanifu je? Hapa kuna jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Waulize waliosoma sekondari Kenya wakutajie mahali panapotendeka vitabu teule vya Kiswahili. Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia: Butangi. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora: Tomoko. Mstahiki Meya cha Timothy Arege: Cheneo. Kigogo cha Pauline Kea: Sagamoyo. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini miaka ya 1980, alitupeleka mbali zaidi katika Walenisi, hadi ulimwengu ambao jina lake likikatwa vipande linasema wale ni sisi. Ni ramani nzima ya nchi zisizokuwepo. Wakati mwandishi wa Kiingereza anataja River Road na Majengo, wa Kiswahili anataja Butangi.

Sababu ya kwanza ni woga halali: aliyetaja majina alifungwa, na Abdilatif ni ushahidi. Sababu ya pili naiona ni soko. Kitabu cha Kiswahili Kenya huishi au hufa kwa kuteuliwa kuwa setibuku, na kitabu cha kuteuliwa hujifunza adabu za mgeni. Istiari ikawa vazi la kazi. Sitaki kuidharau, maana wanafunzi si wajinga. Darasani kila mmoja alijua Mtemi Nasaba Bora wa Kidagaa Kimemwozea ni nani, na kila darasa lilikuwa na wake. Lakini kijana wa Kariobangi alisoma juu ya unyakuzi wa ardhi wa Tomoko asubuhi, akarudi jioni akakuta tingatinga halisi, na hapakuwa na sentensi ya kuviunganisha. Shelley naye alikuwa na pande mbili hizi, miungu ya Kigiriki katika Prometheus Unbound na mawaziri wenye majina katika shairi la Manchester, na lililomtisha mhariri ni hilo la pili. Walibora, mwandishi mpole na fundi wa lugha, aligongwa na gari katika barabara ya Landhies tarehe 10 Aprili 2020 akafa. Nikipita pale hufikiri kwamba mtu aliyetupa Tomoko amekufa kwenye anwani ambayo riwaya yetu ya Kiswahili haijaiandika ipasavyo.

Wenye kuiandika anwani hiyo walikuja na kanda za kaseti. Mei 1990 askari wa jiji walibomoa kijiji cha Muoroto, karibu na kituo cha Machakos, na watu wakafa. Wiki chache baadaye nyimbo za Kikuyu zilikuwa zikipigwa ndani ya matatu na kuuzwa River Road, moja ikiitaja Muoroto kwa jina, nyingine ikiwa sala ya kuombea nchi. Polisi wakawakamata wauzaji wa kanda. Tazama mbinu: kanda moja ikinunuliwa, jioni ni kanda tano, kwa sababu kila ploti ilikuwa na redio yenye milango miwili. Serikali ingepandisha vipi bei ya kitu kinachojizalisha chenyewe? Tarehe 7 Julai mwaka huo watu walielekea uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi, wakakutana na virungu na risasi. Siwezi kusema wimbo uliwapeleka. Naweza kusema kwamba ulikuwa umewafikia kabla ya gazeti lolote.

Kisha Dandora. Mtaa huu ulianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000 vilivyopimwa na kuwekewa maji na choo ili mwenye kupewa ajijengee, na kando yake jiji likaweka jaa lake la taka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa huko, Kalamashaka, walirap kwa Kiswahili kilichokomaa chenye Sheng, lugha ya mtaani, ndani yake, wakati ambapo mtindo ulikuwa kuiga Wamarekani. Albamu yao Ni Wakati ilitoka 2001. Kundi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau likakua kwenye mizizi hiyo, na jina lenyewe likavuka miaka hamsini hadi enzi za vijitabu vilivyopigwa marufuku.

Kwa nini Sheng ilizaliwa huku na si kwa matajiri wa Lavington? Jibu la kawaida ni mchanganyiko wa makabila, na ni kweli nusu. Nusu nyingine ni ukubwa wa chumba. Chumba cha futi kumi kwa kumi chenye baba, mama, watoto watano na stovu hakina nafasi ya mtoto kuzungumza. Huzungumzia nje, kwenye ujia kati ya ploti, na nje huko lugha ya mama yake haimfikishi kwa mtoto wa jirani. Michongoano yao imebeba ushahidi huo. Keja yenu ni ndogo hadi jua likiingia nyinyi mnatoka, mmoja atasema, na mwenzake lazima ajibu papo hapo kwa kubwa zaidi, na waliosimama ndio mahakimu. Sidai kuna kamba iliyonyooka kutoka kwa Muyaka na majibizano yake hadi ujia wa Dandora. Kazi ni ile ile, hata hivyo: neno linapimwa hadharani, na asiye na jibu amefilisika.

Wahadhiri wengi walipinga. Jarida la Kwani? lilipoanza 2003 chini ya Binyavanga Wainaina na kuchapa Sheng pamoja na Kiingereza, malumbano yalijaa magazeti ya Jumapili: hii ni fasihi au ni kelele? Wenye kuuliza walikuwa wamesahau kwamba wahakiki wa London waliwahi kuuliza hivyo hivyo juu ya Wordsworth na mashairi yake ya watu wa mashambani.

Na anayenyakua wimbo si lazima awe maskini. Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, neno lililofumwa kwa Kijaluo na Kiingereza, lenye maana ya asiyetishika. Ulikuwa wimbo wa vijana wawili kujipa moyo. Muungano wa NARC ukauchukua, ukautembeza nchi nzima, na Desemba 27 KANU ikaanguka baada ya karibu miaka 40. Wanasiasa walewale walioucheza majukwaani walipokaa vitini walikuwa na mambo mengine ya kufanya. Nakitaja kisa hiki kwa sababu wapenzi wa fasihi ya ukombozi hukisimulia kikiishia Desemba.

Upo na unyakuzi wa kukataa. Ethic, vijana wa Umoja waliofungua mlango wa muziki wa gengetone mwaka 2018, walitoa mwaka uliofuata wimbo uliosikika kama unasifu ubakaji. Hasira zikapanda, wasikilizaji wa kike wakiwa mbele, na kundi likaomba radhi. Mangua na wenzake hawakuwahi kujibu swali la namna hiyo kutoka kwa msomaji wa kike. Miaka ya 1970 angemwandikia wapi?

Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wimbo uliosikika sana ulikuwa Anguka Nayo wa Wadagliz. Ni wimbo wa kucheza. Hauna siasa hata ya kuazima. Bomu la machozi likitupwa, umati ulirudi nyuma ukiucheza, kisha ukarudi mbele ukiucheza, na kitenzi kile cha kuanguka kikabadilika maana mbele ya macho yetu bila mtunzi kuulizwa. Kwa walimu wa fasihi ni somo gumu kidogo, maana sisi tumezoea kutafuta dhamira ndani ya maandishi.

Bei nayo haijaacha kufanya kazi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, na hadi 1958 mlango wake ulikuwa wa Wazungu. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa katika miaka hii chini ya Book Bunk, iliyoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Jarida la vibonzo la Shujaaz, lililoanza 2010, liliandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure, na watoto ambao hawajawahi kununua kitabu wakalisoma hadi likachanika. Bure ni bei pia, ingawa nina wasiwasi nayo kidogo: kitu cha bure huwa kina mlipaji, na mlipaji huwa na lake.

Nilirudi kwa yule kijana wa Muthurwa. Safari hii nilikuwa nakitafuta The Slums. Hakuwa nacho, akapiga simu Gikomba. "Kuna mzee anauliza ile ya Majengo," nikamsikia akisema. Akaniambia nije Alhamisi, mia nne. Alhamisi nikapewa kitabu cha fotokopi kilichobanwa kwa waya, kurasa zake zimepinda upande mmoja. Nikakifungua mwisho, kama nifanyavyo siku zote. Kurasa za mwisho hazikuwepo.

"Na hii imeishia wapi?"

Alikuwa ameshashika pembe mbili za gunia. Kanjo walionekana ng'ambo ya barabara.

"Shuka Majengo, mzee. Uulize."